Likizo ya Kwanza ya Komeo

Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa refu na la heshima, ila hakuna aliyelitumia. Kazini walimwita Komeo. Nyumbani mkewe alimwita baba watoto, na siku akikasirika naye alimwita Komeo. Alikuwa mkuu wa makeshia katika tawi la benki lililobanana kati ya duka la viatu na duka la dawa, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa hazina, kile chumba cha chini chenye mlango wa chuma ambamo fedha za benki hulala.

Mlango ule ulikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Komeo, wa pili alikuwa nao meneja, na hakuna aliyeweza kufungua bila mwenzake. Kila asubuhi walishuka ngazi pamoja. Meneja aliingiza ufunguo wake, akazungusha, kisha akageuka kutazama ukuta, maana Komeo alikuwa pia na namba zake za siri za kuzungusha kwenye kitasa, na sheria inasema meneja asizione. Meneja huyu alikuwa ameutazama ukuta ule kwa miaka sita. Aliujua ufa wake mmoja wenye umbo la kijiko. Jambo asilolijua ni jinsi mlango wenyewe unavyofunguka, kwa sababu kila alipoambiwa "Tayari" na kugeuka, aliukuta uko wazi.

Basi hapo ndipo palipokuwa na kasoro.

Miaka tisa nyuma, bomba la maji lilipasuka chini ya jengo, sakafu ikatitia, na mlango ukashuka. Si sana, ni upana wa kidole tu. Asubuhi hiyo Komeo alizungusha namba zake, akavuta, na mlango ukamnyamazia kama shemeji aliyenuna.

"Vipi?" meneja wa wakati ule akauliza akiwa ukutani.

"Jasho la mikono," Komeo akajibu.

Akauweka mguu wa kulia kwenye kizingiti, akaingiza bega la kushoto chini ya mpini, akaunyanyua polepole, akausikia umekuwa mwepesi, ndipo akarudi nao nyuma. Kuufunga hakukuwa na taabu, ulijibamiza wenyewe kwa uzito wake. Kuufungua tu ndiko kulikotaka bega.

Alikusudia kusema. Lakini mwaka huo makao makuu yalikuwa yanafunga matawi yanayohitaji matengenezo makubwa, na tawi lile lilikuwa na watumishi kumi na sita, wawili kati yao wajawazito. Akajiambia anyamaze kwa wiki moja, mambo yatulie. Na likizo yake nayo akaiahirisha kwa wiki hiyohiyo, maana atakayeachiwa ufunguo asingeujua mlango. Wiki hiyo ilikuwa haijaisha.

* * *

Wakaguzi wa Benki Kuu walikuja watatu, na mabegi yanayofanana. Jioni yake mkewe Komeo aliuliza mezani, "Kwani benki ina hela zake, hao wengine inawahusu nini?"

"Hela si zake, ni za watu," Komeo akasema. "Benki inazipokea kwa huyu, inamkopesha yule. Sasa ikikopesha ovyo, siku wenyewe wakizitaka hazipo. Ndiyo maana Benki Kuu inatupa leseni, na inaweza kuichukua. Inataka tuweke akiba kwake. Inataka wenye benki nao waweke hela zao, ili hasara ikija iwaume wao kwanza. Halafu inakuja kufunua kila kitu, ione kama tunayoyasema ndiyo tunayoyafanya."

"Na wao wanafunuliwa na nani?"

"Kula chakula, mama watoto."

Kiongozi wa wakaguzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyevaa viatu visivyo na kisigino na kutembea bila kusikika. Kufikia saa sita mchana siku ya kwanza, tawi zima lilikuwa limeshampa jina la Mama Hoja, kwa sababu kila alichokuta hakijakaa sawa alikiita hoja. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umepitwa na tarehe: hoja. Faili la mkopo wa mwuza saruji halikuwa na karatasi ya thamani ya nyumba aliyoweka rehani: hoja. Meneja alimletea chai, naye akauliza kama imeandikwa katika matumizi ya ofisi.

Siku ya tisa alifika kwenye faili la likizo. Akamwita Komeo.

"Mzee, hapa pana makosa ya kuandika? Naona hujaenda likizo miaka tisa."

"Hapana makosa."

"Unaipenda kazi kiasi hicho?"

"Ya kawaida tu."

Mama Hoja alimtazama kama keshia anavyoitazama noti ambayo karatasi yake ni nene kidogo. Akavua miwani.

"Mzee, nisikufiche. Mtu asiyekwenda likizo sisi tunamwogopa kuliko anayechelewa kazini. Wizi mwingi wa benki ni kama jiko la mkaa, unamtaka mwenyewe awepo apepee kila siku. Akiondoka wiki mbili unazimika, na majivu yanaonekana. Ndiyo maana mshika ufunguo lazima apumzike siku kumi za kazi mfululizo kila mwaka. Asipige simu kazini, asiguse kompyuta, asikanyage hapa. Mwingine anafanya kazi yake, na sisi tunaangalia. Sisemi wewe ni mwizi."

"Nashukuru."

"Sisemi pia kwamba si mwizi. Nasema nenda."

Baadaye, kwenye ujia wa choo, meneja alimweleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, likipatikana doa lolote linalokuhusu, hata dogo, kazi imekwisha. Na mafao yako ya kustaafu usahau. Umebakiza miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi usiwe na doa," meneja akasema, kana kwamba madoa huwekwa kwa hiari.

* * *

Ijumaa jioni Komeo alikabidhi ufunguo kwa keshia mmoja kijana, mwanamke mwembamba ambaye wenzake walimwita Sindano. Mlango wa hazina ulikuwa wazi tangu asubuhi. Sindano alichagua namba zake mpya za siri, na safari hii Komeo ndiye aliyegeuzwa kutazama ukuta. Aliuona ufa. Kweli ulifanana na kijiko.

Mama Hoja alisimama katikati yao na karatasi ya makabidhiano. Kalamu yake ilikuwa wazi.

"Kuna la kusema kuhusu hazina kabla hujatia sahihi?"

Komeo aliitazama kalamu ile. Sentensi ilikuwa ipo, kwa miaka tisa ilikuwa ipo, imekaa kooni tayari. Akiitoa, kesho yake wataulizana ni mangapi mengine aliyoyaficha. Asipoitoa, Jumatatu itajitoa yenyewe.

"Mlango," akasema, "una uzito kidogo."

"Ni wa chuma," Mama Hoja akamjibu, akageuza ukurasa.

Komeo akatia sahihi. Sindano akausukuma mlango, nao ukajibamiza. "Mbona mwepesi tu," akasema.

* * *

Nyumbani hawakujua wamfanyie nini mwanamume anayeshinda ndani. Jumamosi alikaza skrubu za viti vyote. Jumapili alikagua madirisha, akamweleza mkewe kwamba komeo la jikoni limelegea, na mkewe akamwambia komeo lililolegea analijua na ameolewa nalo.

Binti yao alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua, na mtoto wake, wa kike, alikuwa na miezi minne. Mtoto huyo alikuwa na masharti. Alikubali kulala mikononi, ila ukimlaza kitandani tu, macho haya hapa, na kilio juu yake. Mama mtu alimjaribu kwa nyimbo. Bibi alimjaribu kwa khanga iliyopashwa joto. Komeo peke yake ndiye aliyeweza kumtoa mkono huu kumpeleka mkono ule, kumshusha, kumpandisha, mtoto asijue kama amehamishwa.

"Hawa wetu hukuwahi kuwabeba namna hii," mkewe alisema Jumapili hiyo, akimtazama kwa mashaka. "Umejifunzia wapi?"

"Umri," Komeo akasema. Angesemaje kwamba amejifunzia kwenye chuma?

Jumatatu asubuhi binti alikwenda kusuka, bibi alikuwa anafua, na mtoto akabaki kwa babu. Benki hufunguliwa saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu Komeo alikuwa amekaa sebuleni, mtoto kifuani, anaitazama simu aliyokatazwa kuipiga. Saa tatu alisimama. Saa tatu na robo alimwambia mkewe anampeleka mtoto kupunga hewa.

"Upande gani?"

"Upande wenye hewa."

Mkewe akaifunga khanga vizuri begani kwake, akampachika mtoto humo, akasema, "Msalimie meneja."

* * *

Komeo alikuwa ameisoma barua yake ya likizo mara nyingi. Ilisema asikanyage tawini. Haikusema lolote kuhusu ng'ambo ya barabara. Akaenda kusimama huko, kando ya mwuza vocha mwenye mwavuli.

Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa benki, imepita duka la viatu, na inakunja kona.

"Kuna nini?" akauliza.

"Benki imeishiwa, mzee wangu," mwuza vocha akasema bila kuacha kuhesabu vocha zake. "Tangu asubuhi hawajatoa hata senti. Wewe una chako humo?"

"Ninacho kidogo."

"Pole."

Mlangoni palikuwa na karatasi. Komeo aliusoma mwandiko wa meneja kutoka kule aliko: *Huduma zimesitishwa kwa muda. Tafadhali msiwe na wasiwasi.* Watu waliokuja kulipa ada ya shule tu, wakisoma pale, walipata wasiwasi ambao hawakuja nao. Wakapiga simu kwa ndugu zao. Ndugu wakaja, wakapanga foleni.

Yeye alielewa bila kuambiwa. Visanduku vya makeshia wote hulala hazina. Hazina isipofunguka, benki nzima haina noti ya kumrudishia mtu chenji. Zipo chini pale, zote, hakuna iliyopungua, na hakuna anayeziona. Alijua pia kinachofuata. Foleni hii ikionekana, kesho itapangwa nyingine kwenye tawi la mjini, keshokutwa kwenye matawi yote, na hakuna benki duniani inayoweza kumlipa kila mtu siku moja, hata iwe nzima kama yai. Hilo ndilo hasa ambalo Mama Hoja na mabegi yake walitumwa kulizuia.

Mama Hoja mwenyewe alitoka hadi kwenye ngazi za mlangoni, simu sikioni, akaishusha. "Jamani, fedha zipo!" akapaza sauti. "Ni mlango tu umekwama!"

"Mlango wa benki umekwama!" mtu akacheka kwenye foleni. "Sema na paka amekula ufunguo!"

"Mama, hata mimi nikidaiwa huwa nasema hivyo hivyo," mwingine akadakia.

Foleni ikasogea mbele kwa hatua moja, wote pamoja. Mlinzi akarudi nyuma hatua moja.

Komeo alimtazama mtoto. Alikuwa amelala. Akafikiria miaka minne, kisha akafikiria yule bibi aliyekuwa wa kumi kwenye foleni, mwuza mboga ambaye kila Jumatatu alimletea fedha zilizofungwa kwa uzi mwekundu, na sasa ameshika kitabu chake cha benki kwa mikono miwili. Akavuka barabara.

* * *

"Mzee, samahani," mlinzi akamzuia getini. "Jina lako limebandikwa hapa. Huruhusiwi kuingia."

"Najua. Niitie Mama Ho... niitie mkaguzi."

Mama Hoja akaja. Akamtazama Komeo, akamtazama mtoto, akaitazama saa.

"Uko likizo," akasema.

"Niko nje ya geti."

"Sema."

"Mlango umeshuka. Sakafu ilititia. Hauvutwi, unanyanyuliwa. Mimi ndiye ninayeunyanyua."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Mama Hoja hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepata karatasi iliyokuwa inakosekana kwenye faili.

"Ijumaa nilikuuliza. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na kalamu mkononi."

Nyuma yake meneja alikuwa amefika, tai imehamia begani. "Basi aingie, afungue, yaishe!" akasema. "Gari la fedha kutoka tawi jingine halifiki kabla ya saa nane. Saa nane hatutakuwa na vioo!"

"Haingii," Mama Hoja akasema. "Yuko likizo kwa agizo letu. Akigusa huo mlango leo, siku kumi hazina maana, na mimi nitakuwa nimekivunja nilichokuja kukisimamia. Na huyu mzee hataweza tena kuthibitisha kwamba mikono yake ni safi." Akamgeukia Komeo. "Unaweza kufundisha ukiwa hapohapo uliposimama?"

"Kwa mlango upi?"

Wote wakatazama huku na huku. Geti lilikuwa la kuteleza. Mlango wa duka la viatu ulikuwa wa kioo. Mtoto akapiga mwayo akiwa usingizini.

"Mwite Sindano," Komeo akasema.

Sindano alikuja na macho mekundu, viganja vyake vimechubuka kwa kuvuta. Komeo akafungua khanga.

"Tazama. Huyu ukimvuta, anaamka. Mlango nao ni hivyohivyo. Ingiza mkono chini. Bega lisogee karibu. Mguu wa kulia mbele. Sasa unyanyue kwanza, juu tu, usivute. Subiri. Utausikia umekuwa mwepesi. Hapo ndipo urudi nyuma."

"Mzee, mimi sijazaa," Sindano akasema.

"Hata mimi sikuzaa. Chukua."

Mara ya kwanza Sindano alivuta. Mtoto akafumbua macho, akamwona mgeni, akalia kilio kilichofika hadi mwisho wa foleni. Watu wakachungulia. Waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza wasikie ni nini. Komeo akamchukua, akambembeleza, akangoja. Ukimya ukawa mkubwa kiasi cha kumsikia mtoto akisinzia.

"Tena," akasema.

Mara ya pili alinyanyua, akasubiri, akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akahama mikono na usingizi wake mzima.

"Huyu sasa anajua," akasema yule bibi wa mboga kutoka kwenye foleni. Akamgeukia jirani yake. "Mimi nakwambia hela zipo. Umeona wapi watu waliofilisika wanapokezana mtoto?"

Neno hilo likapita nyuma, likakunja kona na foleni. Mama Hoja alilisikia. Hakuliandika.

Sindano na meneja wakashuka. Meneja aliutazama ukuta wake. Juu, nje ya geti, Komeo alisimama akihesabu kimoyomoyo. Dakika ya nne ikasikika sauti aliyoijua kuliko sauti ya mkewe, mguno mfupi wa bawaba za mlango. Akamfunga mtoto begani, akaondoka kabla hajaonekana kama mtu anayefanya kazi.

Makeshia walipoweka noti mezani, watu thelathini walichukua fedha zao. Waliobaki waliziona, wakaridhika, wakaenda zao. Bibi wa mboga aliweka zake, na uzi wake mwekundu.

* * *

Siku kumi zilikwisha zote. Wakaguzi walipekua hazina rafu kwa rafu. Hakikupungua kitu. Kilizidi kimoja: kitambaa cha sufu kilichokunjwa mara nne, kimekutwa nyuma ya mlango, hakimo daftarini. Komeo alieleza kwamba ni cha bega. Ikawa hoja.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Mama Hoja alisoma bila kuinua kichwa. Tawi litengeneze mlango ndani ya siku thelathini, na Benki Kuu itarudi kuhakikisha. Ufunguo ushikwe kwa zamu, miezi mitatu Komeo, miezi mitatu Sindano. Benki impe Komeo barua ya onyo kwa kuficha ubovu wa mlango.

"Onyo tu?" meneja akauliza, kisha akajuta kuuliza.

"Angeuficha na kuiba, ningemwombea jela. Angeuficha na kukaa ng'ambo ya barabara, kazi ingekwisha." Akafunga faili. "Kitu pekee kilichoibwa humu ni likizo zake, na aliyeziiba ni yeye. Mzee, mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Analala."

"Wangu watatu hakuna aliyelala," Mama Hoja akasema, akachukua begi lake. Hiyo ndiyo habari pekee ya nyumbani kwake ambayo tawi lile liliwahi kuipata.

Mafundi walikuja, wakainua sakafu, wakabadilisha bawaba. Zamu ya Komeo ilipofika, alishuka ngazi na meneja kama zamani. Meneja akazungusha ufunguo wake, akageuka kutazama ukuta. Komeo akazungusha namba. Akauweka mguu wa kulia kwenye kizingiti, akaingiza bega, akanyanyua. Hapakuwa na kitu cha kunyanyua. Mlango ulimfuata kwa urahisi hata akarudi nyuma hatua tatu na kuugonga mgongo ukutani upande wa pili.

Akaurudisha. Akaufungua tena, kwa vidole viwili. Akaurudisha tena. Akasimama akiushikilia mpini, bega lake la kushoto halijui liende wapi.

"Mzee," meneja akauliza kule ukutani, "nigeuke?"

"Bado," Komeo akasema.